Mjumbe Asemaye Wazi: Somo juu ya Programu za Mtandao

Nimeona vema kuwaandikia somo dogo juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaojifunza kompyuta hulidharau. Twajifunza kutunga programu ya kupeleka ujumbe katika mtandao, nayo ikifanya kazi mara moja twapiga makofi na kwenda zetu. Lakini siku isipofanya kazi, programu hiyo humwambia nini mtu aliyeketi mbele yake? Hilo ndilo somo langu. Nataka kueleza namna ya kutunga maelezo ya programu iendeshwayo kwa amri za kuandika, ili mtu anayetafuta kosa ayasome na alijue kosa liko wapi.

Watu husema mjumbe hauawi, maana yake mtu asiadhibiwe kwa habari aliyotumwa kuileta. Neno hilo ni la haki. Lakini mjumbe naye ana wajibu wake, nao ni kueleza sawasawa aliyoyaona njiani. Tuseme vijana wawili wametumwa, kila mmoja siku yake, kupeleka barua kwa karani wa wilaya. Wa kwanza arudi na kusema, "Imeshindikana." Wa pili arudi na kusema, "Nilivuka mto saa tatu, daraja ni zima. Saa nne nilifika ofisini, mlango ulikuwa wazi. Karani aliipokea barua, akaitazama, akanirudishia kwa kuwa haina muhuri." Wote wawili wameshindwa, na barua zote mbili zimerudi. Lakini kwa habari ya wa pili twajua la kufanya: tutie muhuri. Kwa habari ya wa kwanza pengine tutatengeneza daraja lisiloharibika.

HASARA YA NENO "IMESHINDIKANA"

Msidhani jambo hili ni la mchezo. Fikirini shule iliyo mbali na mji, nayo yatakiwa kupeleka majina ya watahiniwa wake kwa njia ya mtandao kabla ya siku ya mwisho. Mwalimu aendesha programu, nayo yajibu, "Imeshindikana." Basi mwalimu hununua bando jingine la intaneti, na jibu ni lile lile. Ahamisha simu dirishani apate mawimbi mazuri zaidi, na jibu halibadiliki. Apiga simu kwa fundi wa mjini, na fundi adai nauli ya kuja. Na kumbe mtandao ni mzima, waya ni mzima, na seva ni nzima. Kosa ni betri ndogo ya mviringo iliyo ndani ya kompyuta. Betri hiyo ikifa, kompyuta husahau tarehe kila izimwapo, na ikiwashwa hudhani kwamba miaka mingi iliyopita haijafika bado. Programu ikitazama cheti cha seva kwa tarehe hiyo ya uongo, huona kwamba cheti hakijaanza kufaa, nayo hukataa kuendelea.

Hapa pana hatari kubwa kuliko nauli ya fundi. Mtu aliyechoka, asiyejua kwa nini amekataliwa, hutafuta njia ya mkato. Programu nyingi zina amri ya kusema, "Usitazame cheti, endelea tu." Akiitoa amri hiyo, kazi itakwenda, naye atashukuru. Lakini tangu hapo programu haimtambui tena anayesema naye, na mtu mwovu aliye katikati ya njia aweza kupokea majina ya watoto wote pamoja na neno la siri la shule. Kwa hiyo maelezo mabaya hayapotezi wakati tu, bali humsukuma mtu mwema kufungua mlango kwa mwizi.

SAFARI YA UJUMBE

Kabla ya kutunga maelezo hatuna budi kuijua safari yenyewe. Ujumbe upelekwao kwa njia ya kawaida ya tovuti hupita hatua tano, nazo ni hizi:

1. Jina. Sisi twaandika jina, kama shule.example, lakini mashine hutafutana kwa anwani za namba, kama 192.0.2.10. Lazima kwanza jina ligeuzwe kuwa anwani.

2. Hodi. Programu hubisha katika anwani ile, kwenye mlango wenye namba yake. Mlango 80 ni wa mazungumzo ya wazi, na mlango 443 ni wa mazungumzo ya siri.

3. Siri. Pande mbili hupatana namna ya kuficha maneno yao, na seva huonyesha cheti chake. Mapatano haya huitwa TLS.

4. Ombi. Programu husema itakalo.

5. Jibu. Seva hujibu kwa namba na maneno. Namba 200 ni heri, 404 maana yake kitu hakikuonekana, na 500 maana yake seva yenyewe imepatwa na kosa ndani yake.

Kosa laweza kutokea katika hatua yo yote, na dawa ya kila hatua ni mbali na dawa ya nyingine. Ndiyo sababu jambo la kwanza ambalo maelezo yapaswa kusema ni hatua ipi imefikiwa na ipi imeshindikana.

Tazameni hatua ya pili peke yake, maana ina fumbo linalowadanganya wengi. Ukibisha hodi katika nyumba, huenda ukajibiwa toka ndani, "Mwenyewe hayupo." Au huenda usijibiwe kabisa. Mgeni mvivu atasema mara zote mbili, "Sikumkuta." Lakini habari hizi ni tofauti. Katika mtandao, kukataliwa mara moja maana yake kwa kawaida ni kwamba njia ni nzima na mashine iko macho, ila hapana programu inayosikiliza katika mlango ule. Basi nenda ukaiwashe programu ya seva, au tazama kama umekosea namba ya mlango. Kimya kirefu hadi muda kwisha ni habari nyingine: pengine mashine imezimwa, pengine njia imekatika, pengine kuna ukuta wa ulinzi unaozimeza pakiti bila kujibu. Programu ikisema "sikuunganishwa" kwa hali zote mbili, imetupa habari iliyokwisha kuipata mkononi.

TUJIFUNZE KWA WALIOTANGULIA

Hatuna haja ya kuanza somo hili pasipo mwalimu, maana programu nzuri za zamani zipo nazo zinatumika hata leo.

Ya kwanza ni ping, iliyotungwa na Mike Muuss wa Marekani mwezi wa Desemba mwaka 1983. Kazi yake ni kupeleka pakiti ndogo kwa mashine nyingine na kungoja irudishwe. Jina lake ni mfano wa mlio wa chombo kitumiwacho baharini kupima umbali kwa mwangwi. Kila jibu lipatapo kurudi, ping huandika mstari mmoja namna hii:

64 bytes from 192.0.2.10: icmp_seq=3 ttl=54 time=182 ms

Mstari huu ni mfupi lakini umekamilika wenyewe. Wasema ukubwa wa jibu, nani amejibu, ni jibu la pakiti ya ngapi, na imechukua muda gani, tena kipimo cha muda kimeandikwa. Ukiona mstari wa 3 kisha wa 5, wajua jibu la pakiti ya 4 halikufika. Mwisho wa kazi ping hutoa jumla: zilizopelekwa, zilizopokewa, na sehemu iliyopotea kwa mia.

Muuss mwenyewe alikuwa akisimulia habari aliyoisikia kwa fundi mmoja wa mitandao. Waya za jengo la fundi huyo zilikuwa zikikatika na kurudi, wala hakujua ni wapi. Akaiunganisha ping na programu nyingine ya kutamka maneno, akaongeza sauti, na kompyuta ikawa inapaza sauti, "Ping, ping, ping," mara moja kila sekunde. Kisha akazunguka katika jengo akitikisa viungo vya waya kimoja kimoja hata sauti ikanyamaza. Hapo alikuwa amekipata kiungo kibovu. Aliyeitunga ping hakufikiri habari ya sauti. Lakini kwa kuwa kila jibu lilikuwa mstari mmoja, tena ulitoka papo hapo, mtu mwingine aliweza kuutumia kwa namna mpya kabisa.

Ya pili ni curl, ambayo Daniel Stenberg wa Sweden aliitoa kwa jina hilo mwezi wa Machi mwaka 1998. Kwa kawaida curl haisemi habari za safari, yatoa tu kile ulichokiomba. Lakini ukiongeza -v katika amri, yaeleza kila hatua, na kila mstari una alama mwanzoni:

*   Trying 192.0.2.10:80...
* Connected to shule.example (192.0.2.10) port 80
> GET / HTTP/1.1
> Host: shule.example
< HTTP/1.1 200 OK
< Content-Type: text/html

Nyota ni maneno ya curl yenyewe. Alama iliyoelekea kulia ni maneno yaliyopelekwa na curl, na iliyoelekea kushoto ni maneno yaliyopokewa toka kwa seva. Alama tatu tu, lakini zaondoa ugomvi mkubwa wa mitandaoni: nani alisema nini. Mtu akilalamika kwamba seva imempa lugha asiyoitaka, tazama kwanza mistari iliyoelekea kulia, uone kama aliiomba ile aliyoitaka.

Ya tatu ni ssh, itumiwayo kuingia katika kompyuta ya mbali. Hii yatufundisha habari ya viwango. Ukiandika -v mara moja, mistari huanza na debug1. Ukiiandika mara mbili, waongezewa mistari ya debug2, na mara tatu ya debug3. Kwa hiyo mtu huanza na maelezo machache, naye huongeza akiona haja.

Tena liko onyo. Programu iitwayo traceroute, ambayo huonyesha ruta moja moja zilizo njiani, nayo huandika nyota. Lakini nyota yake maana yake ni kwamba jibu halikuja katika muda uliowekwa. Wala hiyo si dalili ya hakika ya njia kukatika, maana ziko ruta zilizoamriwa zisijibu maswali kama hayo, na pakiti nyingine hupita kwake salama. Basi alama moja ina maana mbili katika programu mbili. Ukitunga programu yako, eleza alama zako katika maelezo ya msaada, usidhani msomaji atazibahatisha.

KANUNI SABA

Sasa nitaeleza kanuni ambazo naona yafaa kila mtungaji azishike.

Kanuni ya kwanza: tenga matokeo na maelezo. Katika Unix na jamaa zake, kila programu hupewa njia tatu tangu mwanzo. Njia 0 ni ya kuingiza, njia 1 ni ya matokeo, na njia 2 ni ya makosa na maelezo. Matokeo, yaani kile alichokiomba mtu, yapite njia 1. Habari za safari zipite njia 2. Ukizichanganya, mtu akihifadhi orodha ya alama katika faili, atakuta katikati ya majina ya wanafunzi pameandikwa "nabisha hodi mlango 443." Tena maelezo ya njia 2 yatoke papo hapo. Ukiyaweka kwanza katika ghala ili yatoke kwa mafungu, programu ikifa ghafula mistari ya mwisho hupotea, nayo ndiyo hasa iliyohitajiwa.

Kanuni ya pili: kila mstari usimame peke yake. Mtu mwenye shida hutafuta mistari yenye neno fulani, au humpelekea rafiki yake mistari mitatu tu kwa simu. Ukiandika "imeshindikana" mstari mmoja, na jina la mashine mistari kumi juu yake, vitu hivyo viwili vitatengana. Andika hatua, kitu kilichotendwa, na kwa nani, katika mstari ule ule. Programu ikifanya kazi na seva nyingi pamoja, kila mstari uwe na namba ya mazungumzo yake, la sivyo maneno yatachanganyika kama ya watu sokoni.

Kanuni ya tatu: andika muda kwa namna isiyo na shaka. Sisi wa nchi hizi twajua taabu ya saa. Saa nane mchana kwa Kiswahili ni 14:00 katika kompyuta. Tena Kampala, Nairobi na Dar es Salaam ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia iitwayo UTC, lakini Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ziko saa mbili mbele. Ikiwa kosa lilitokea 11:05 UTC, mtu wa Kampala ataandika 14:05 na mwenzake wa Bujumbura ataandika 13:05, nao watabishana bure. Kwa hiyo mwanzoni mwa maelezo andika tarehe kamili kwa UTC, kwa mfano 2025-03-14T11:05:09Z, ambapo Z ndiyo ishara ya UTC. Hiyo ni namna iliyoelezwa katika kanuni za intaneti, RFC 3339 ya mwaka 2002. Baada ya hapo kila mstari utaje sekunde zilizopita tangu programu ilipoanza. Sekunde hizo zihesabiwe kwa saa ya ndani isiyorudi nyuma, maana saa ya ukutani ya kompyuta yaweza kusahihishwa katikati ya kazi, nawe ukaona jibu limekuja kabla ya swali.

Kanuni ya nne: tofautisha kilichoonekana na kinachodhaniwa. Programu imeona kwamba sekunde 10 zimepita bila jibu. Haikuona seva imezimwa. Basi iseme, "Hakuna jibu baada ya sekunde 10," na ikipenda kutoa shauri, iseme, "Huenda mashine imezimwa au pakiti zazuiwa njiani." Shahidi mwema husema aliyoyaona kwanza, na mawazo yake baadaye akiulizwa.

Kanuni ya tano: ficha siri. Mtu akipatwa na shida hunakili maelezo yote na kumpelekea fundi, au huyaweka mahali pa watu wengi. Ikiwa ndani yake mna neno la siri, siri imetoka. Wala wasikudanganye kwamba maneno yaliyogeuzwa kwa Base64 yamefichwa. Base64 ni namna ya kuandika tu, na mtu ye yote aweza kuyarudisha katika hali yake kwa dakika moja. Kwa hiyo andika "neno la siri lilipelekwa [limefichwa]." Fundi atajua kwamba lilipelekwa, na hiyo ndiyo habari anayoihitaji. Maelezo ya matumizi ya curl yenyewe humwonya mtu kwamba habari za -v zaweza kuwa na mambo ya siri, naye aangalie anampa nani.

Kanuni ya sita: usitegemee rangi, wala usimwage baiti ghafi kwenye skrini. Wako watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Tena maelezo yakiingia katika faili, rangi hugeuka kuwa takataka za alama. Tia rangi pale tu programu inapojua kwamba yaandika kwenye skrini, na hata hapo neno au alama itoshe yenyewe. Ama kuhusu baiti zisizo herufi, baadhi yake ni amri kwa skrini. Baiti 27, kwa mfano, huanzisha amri za kubadili rangi na kufuta mistari, na seva mbaya yaweza kuipeleka kusudi ili ifiche maneno yako. Weka nukta mahali pake, au andika namba yake.

Kanuni ya saba: toa namba ya mwisho iliyo thabiti. Programu ikimaliza huacha namba. Sifuri ni heri, na nyingine ni kosa. Programu nyingine husoma namba hiyo kuliko maneno. curl huacha 6 jina lisipopatikana, 7 isipoweza kuunganishwa, 28 muda ukiisha, na 60 cheti kisipokubaliwa. Mtungaji akiisha kuchagua namba zake asizibadili mwaka hata mwaka, maana watu wamekwisha kuzitegemea.

MFANO WA KAZI

Tuseme twatunga programu iitwayo mjumbe, ya kupeleka faili la majina. Jina shule.example na anwani 192.0.2.10 ni za kufundishia tu, maana zimetengwa kwa mifano, wala si za mtu. Turudi kwa yule mwalimu mwenye betri iliyokufa. Akiendesha programu bila -v, yatosha aone mistari miwili:

! SIRI: cheti cha shule.example hakikukubaliwa: tarehe ya hapa (2010-01-01) ni kabla ya tarehe ya kuanza kwa cheti (2025-01-10).
! Hakuna jina lililopelekwa. Tazama kwanza tarehe ya kompyuta hii. Namba ya kosa: 60

Akiongeza -v, ataona haya:

* 0.000 mjumbe yaanza. Saa ya hapa 2010-01-01T00:14:09Z
* 0.002 JINA: natafuta anwani ya shule.example
* 0.187 JINA: shule.example ni 192.0.2.10
* 0.188 HODI: nabisha 192.0.2.10 mlango 443
* 0.391 HODI: 192.0.2.10 mlango 443 umefunguliwa
* 0.392 SIRI: naanza mapatano na shule.example
* 0.803 SIRI: cheti cha shule.example chafaa tangu 2025-01-10T00:00:00Z hadi 2025-04-10T00:00:00Z
! 0.804 SIRI: cheti hakikukubaliwa: tarehe ya hapa ni kabla ya tarehe ya kuanza

Na mwisho wa maelezo hayo arudishiwe ule mstari wa "Hakuna jina lililopelekwa."

Someni kwa makini. Jina limepatikana, basi mtandao wafanya kazi. Mlango umefunguliwa, basi seva iko macho, na bando halijaisha. Cheti kimeonekana, na tarehe mbili zimewekwa karibu karibu ili macho yazilinganishe. Programu haikusema kwa kiburi, "Saa yako ni mbovu," maana yawezekana pia cheti ndicho kilichotolewa na tarehe isiyo sawa. Imesema iliyoyaona, kisha imeshauri mahali pa kuanzia. Tena imemwambia mwalimu neno analolihitaji kuliko yote: hakuna jina lililopelekwa. Bila neno hilo asingejua kama akirudia kazi majina yataandikwa mara mbili. Sasa atasahihisha tarehe na kupeleka majina siku ile ile, na betri ataibadili baadaye.

JUU YA LUGHA

Huenda msomaji akauliza, "Kwa nini maelezo yawe kwa Kiswahili, na makosa ya kompyuta yameandikwa kwa Kiingereza?" Swali hili ni la haki. Maelezo ni ya mtu atakayeyasoma, na ikiwa msomaji wako ni karani au mwalimu anayefahamu Kiswahili zaidi, mwandikie lugha anayoielewa akiwa katika shida. Lakini usiitupe namba wala jina la asili la kosa. Mfumo ukisema ECONNREFUSED, andika "mlango 443 umekataa (ECONNREFUSED)." Hivyo mwalimu ataelewa neno la kwanza, na fundi aliye mbali, au ndugu yetu aliyemaliza hapa na sasa yuko ng'ambo, ataelewa la pili na kulitafuta katika vitabu. Kutafsiri kunakofuta jina la asili humfungia msomaji njia ya msaada.

Wengine husema tena kwamba maelezo mengi huchosha. Ni kweli, nami sipingi. Mistari elfu isiyo na mpango haina faida kuliko mstari mmoja. Lakini dawa yake ni viwango, kama ilivyo katika ssh. Bila -v programu inyamaze ikifaulu, na ikishindwa iseme neno lake fupi. Kwa -v ieleze hatua. Kwa -vv ionyeshe na maneno yaliyopelekwa na kupokewa, siri zikiwa zimefichwa. Kila atakayeongeza kiwango amechagua mwenyewe kusoma zaidi.

Wenzangu, mtihani wa maelezo yako ni mmoja. Mpe mistari hiyo mtu ambaye hakuitunga programu, wala hakuwapo kosa lilipotokea, kisha umwulize: ujumbe ulifika wapi, nini kilionekana, na la kufanya sasa ni lipi? Akijibu yote matatu, mjumbe wako amesema. Akikuuliza wewe, rudi ukaandike upya, maana siku ya haja wewe hutakuwapo karibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Programu yasema, "Hakuna jibu toka 192.0.2.10 mlango 443 baada ya sekunde 10." Taja sababu tatu ziwezekanazo, na useme ni ipi iliyoonekana na ipi inayodhaniwa.

2. Rafiki yako wa Kigali aandika kwamba kosa lilitokea saa 16:30 kwa saa ya kwao. Seva imeandika kwa UTC. Utatafuta mstari wa saa ngapi? Na mtu wa Nairobi angeandika saa ngapi?

3. Andika upya mstari huu ili usimame peke yake: "Kosa! Jaribu tena."

4. Kwa nini maelezo ya safari yasipite njia 1? Toa mfano mmoja wa hasara itakayotokea.

5. Tunga mistari ya -v ya programu mjumbe pale jina linapokosa kupatikana. Hatua zipi zisionekane kabisa katika maelezo hayo, na kwa nini?